Wastaafu wenzangu, asubuhi mnazipitishaje? Mimi nimeokolewa na kijiwe cha kahawa

#1 Daftari_la_Hesabu (mleta mada)

Wakuu, shikamooni mlionitangulia, na wengine habari za asubuhi.

Huu ni mwezi wa nane tangu nistaafu. Miaka 34 nilikuwa mhasibu, ofisi ileile, dirisha lilelile. Siku ya kuagwa nikapewa saa ya ukutani. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu anayetolewa kwenye ratiba azawadiwe saa, lakini ndiyo hiyo iko sebuleni, inanihesabia.

Shida yangu haikuwa mafao. Kiinua mgongo nilikipangia mapema, hesabu ndiyo kazi niliyosomea. Shida ilikuwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa nne asubuhi. Mwili unaamka wenyewe saa kumi na moja kama ulivyozoea. Naoga, nanyoa ndevu, navaa shati la kupiga pasi, halafu sina pa kwenda. Wiki ya kwanza nikapanga upya makabati ya jikoni. Mke wangu akanyamaza. Wiki ya pili nikamuuliza kwa nini chumvi imewekwa mbali na jiko. Wiki ya tatu akaniambia taratibu tu, "Baba, mimi nilikuwa na asubuhi zangu humu ndani kabla hujaja."

Kabla hujaja! Nyumba nimeijenga mwenyewe.

Basi siku hiyo nikatoka, natembea tu kama mtu aliyetumwa. Nikapita kwenye mkahawa, nje kuna meza, wazee watano wamekaa. Mmoja namfahamu, alikuwa stoo enzi zetu. Aliponiona akavuta kiti kwa mguu bila hata kukatisha sentensi aliyokuwa akiisema. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale. Hakuna aliyeniuliza pensheni yangu ni kiasi gani. Nikaletewa kikombe, nikasikiliza ubishi juu ya kama gurudumu la nyuma la baiskeli huisha kabla ya la mbele. Saa nne nikarudi nyumbani mtu mwingine.

Sasa nina zaidi ya miezi sita kijiweni. Bado mgeni, najifunza taratibu zake ambazo hazijaandikwa popote. Nataka kusikia kwenu. Mnakaa muda gani? Nani analipa? Asipoonekana mwenzenu mnafanya nini? Naomba uzoefu, mahubiri niliyosikia siku ya kuagwa yananitosha.

#2 Msoma_Nyuzi

Nina miaka 31, nimekaa pembeni nasoma tu. Hiyo ya chumvi imenimaliza. Mzee wangu anastaafu mwakani, namtumia mama huu uzi.

#3 Kobe_Mkongwe

Marahaba mleta mada, ingawa kwa hesabu zako huenda tunalingana.

Mimi kijiwe nina miaka 11. Tuko saba, tuliwahi kuwa tisa. Hatuna mwenyekiti, hatuna katiba, na saa ya kukutana hatujawahi kukubaliana. Hata hivyo wa kwanza anafika saa kumi na mbili na robo na akifika tu anaanza kulalamika kwamba wengine wamechelewa.

Umeuliza nani analipa. Hili lichukulieni kwa uzito kuliko mnavyodhani. Mwanzoni tulikuwa na zamu: leo mimi, kesho wewe. Ikapendeza. Halafu mmoja wetu akaanza kuadimika. Anakuja Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi hayupo. Akirudi anasema mgongo ulimbana. Ilituchukua wiki tatu kugundua kwamba mgongo unambana siku ya zamu yake tu. Pensheni hazilingani jamani. Mtu alikuwa dereva, mwingine alikuwa meneja, mnakunywa kahawa ileile lakini mwisho wa mwezi haumkuti kila mtu mahali pamoja. Hatukumwambia kitu. Tulibadilisha utaratibu kimyakimya, kila mtu analipia chake pale kaunta kabla ya kukaa, hakuna anayeona mwenzake kanywa vingapi. Mgongo ukapona.

La pili ni masikio, ambalo vijiwe vingi hawalisemi. Usikivu wa uzeeni hauondoki wote kwa pamoja. Unaanza kuondoka kwenye sauti kali za juu, zile za s, f, sh, t. Kwa hiyo unasikia kabisa kwamba mtu anaongea, ila maneno yanakuwa kama yamelowa maji. Ukikaa karibu na mashine ya kusagia kahawa ndiyo hupati kitu. Tulikuwa na mwenzetu anacheka nusu dakika baada ya watu wote. Tukadhani ana dharau, au akili imeanza kuchoka. Kumbe anatutazama nyuso, tukicheka naye anacheka. Siku moja nikamkuta amekaa peke yake ndani ya kelele, nikamwongelesha upande wa kulia, akajibu vizuri kabisa. Nikarudi upande wa kushoto, hakuna kitu.

Tangu hapo viti vyetu vina mpango. Sikio la kushoto likiwa bovu unakaa mwisho wa kushoto, ili wote wabaki upande wako mzima. Mgongo kwa ukuta, kelele zisikuzunguke nyuma. Mbali na mashine. Na anayekwenda chooni kila nusu saa anakaa mwisho wa benchi asimruke mtu, hilo halihitaji maelezo, tuko watu wazima.

#4 Daftari_la_Hesabu

Mkuu Kobe, umenifumbua macho. Kuna mzee kwetu kila siku anagombea kiti kimoja mpaka tukamwona mkorofi. Kesho nitaangalia ni sikio lipi.

#5 Muuguzi_wa_Zamu

Mniwie radhi, nimestaafu uuguzi lakini mdomo haujastaafu.

Vijiwe vya kahawa huanza mapema, saa ileile ambayo watu wa umri wetu wanameza vidonge vyao. Namwona mtu anafungua kikasha cha dawa mezani, anameza na funda la kwanza la kahawa. Kwa dawa nyingi haina neno. Kwa chache ina neno kubwa. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo ameze kwa maji, tumbo tupu, asubiri dakika 30 hadi 60 ndipo aguse kahawa, maana kahawa inapunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Niliwahi kumhudumia mtu ambaye vipimo vyake vilikuwa vinapanda na kushuka kila kliniki, dozi inabadilishwa kila mara, kumbe kidonge anakimezea kijiweni. Alendroneti ya kuimarisha mifupa nayo humezwa kwa maji matupu, kisha ubaki wima nusu saa bila kahawa wala chakula. Vidonge vya madini ya chuma pia vipisheni na kahawa. Na usipime presha ndani ya nusu saa baada ya kikombe, utajitisha bure.

Kuhusu wingi: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi. Kikombe cha mililita 240 huwa na karibu 95, kutegemea mkono wa anayekipika. Ila kumbukeni kafeini haiondoi uchovu. Mwilini kuna kemikali iitwayo adenosini, inajikusanya kadiri unavyokaa macho, na ikikaa kwenye kiti chake unasinzia. Kafeini inakuja inakalia kile kiti. Adenosini inabaki imesimama mlangoni. Saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo, kwa wengine hata zaidi, ndiyo maana kikombe cha saa kumi jioni unakilipia usiku wa manane. Kahawa ya asubuhi ina akili kuliko ya jioni.

Mwenye shida ya lehemu aangalie kahawa yake inavyotengenezwa. Ile ya kuchemshwa bila kuchujwa inabaki na mafuta yanayoitwa kafestoli, yanapandisha lehemu. Ikipita kwenye karatasi ya kuchujia mengi yanabaki kwenye karatasi.

Na aliyekatazwa kafeini asijitenge. Kuna kahawa iliyoondolewa kafeini, hubaki kidogo sana. Au anywe maji ya moto. Mezani kwetu kuna mama mmoja miaka yote anakunywa maji ya moto kwenye kikombe cha kahawa, na ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote.

#6 Sina_Kijiwe

Ngoja nitoe upande wa pili maana naona mnasifiana.

Nilikaa kijiweni miezi minne nikaondoka. Kwanza hadithi ni zilezile. Kuna mtu alitusimulia jinsi alivyokosa gari moshi mara kumi na saba, na kila mara kituo kinabadilika. Pili, mashindano ya magonjwa. Ukisema una presha, mwenzako ana presha na sukari. Ukisema goti, yeye ana magoti yote mawili na nyonga juu yake. Hakuna anayekusikiliza, anasubiri umalize aweke la kwake. Tatu, kulikuwa na mkurugenzi mstaafu ambaye hakuambiwa kwamba amestaafu. Anakuita kwa kidole. Anafunga mjadala. Siku moja akaniambia, "Hilo tulishalipitisha." Tumelipitisha wapi, babu? Hii ni meza ya kahawa!

Sasa natembea peke yangu asubuhi, narudi nasoma. Kuwa peke yako siyo upweke. Kuna watu niliowaona pale wapweke kuliko mimi, na wamezungukwa na watu sita.

#7 Mama_Chaki

Hamjambo wababa. Nimesoma mpaka hapa, naona mkisema "wastaafu" mnamaanisha wanaume.

Nilifundisha historia miaka 36. Siku niliyostaafu watoto wangu walifurahi sana, nikadhani wananifurahia mimi. Jumatatu yake saa kumi na mbili na nusu mlango ukagongwa, nikaachiwa wajukuu wawili na begi la nguo. Ijumaa wakawa wanne. Mleta mada anasema hakuwa na pa kwenda asubuhi. Mimi sikuwa na asubuhi. Nilikuwa na kazi mbili, nikastaafu moja.

Sisi walimu wastaafu wa kike tulianza kukutana majumbani. Leo kwangu, wiki ijayo kwako. Kosa kubwa. Mwenye zamu anaanza kupiga deki jana yake, anabadilisha mapazia, anakopa vikombe vinavyofanana. Tukifika anakaa dakika tano, anarudi jikoni. Anasikia vicheko kupitia ukutani. Baada ya miezi miwili tukawa tumechoka kuliko tulipokuwa kazini. Ndipo tukahamia meza ya mkahawa, Jumanne na Ijumaa, saa nne hadi saa sita. Pale hakuna mwenyeji, hakuna mgeni. Wajukuu? Tumewaambia watoto wetu siku hizo mbili bibi ana kazi. Neno "kazi" wanaliheshimu. Ningesema "nakwenda kunywa kahawa" wangeniletea mtoto wa tano.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, mwaka 1989 alipaita mahali kama hapo mahali pa tatu. Pa kwanza ni nyumbani, pa pili kazini, pa tatu ni pale unapokwenda bila kuwajibika kwa mtu, cheo kinabaki mlangoni na mazungumzo ndiyo shughuli yenyewe. Mstaafu amepoteza pa pili, akabaki na pa kwanza peke yake siku nzima. Ndiyo maana mleta mada aliona chumvi iko mbali.

Na kustaafu kwenyewe msikuone ni kitu cha tangu Adamu. Ujerumani ya Bismarck ilipitisha sheria ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889, umri ukawa miaka 70, ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Wakati huo wengi hawakufika huko, na waliofika hawakukaa sana. Walipanga fedha ya mzee. Asubuhi zake hakuna aliyezipanga. Leo mtu anastaafu ana miaka ishirini mbele, ni asubuhi zaidi ya elfu saba. Mhasibu atanisahihisha.

#8 Daftari_la_Hesabu

Elfu saba mia tatu na tano, ukihesabu miaka mirefu mitano. Endelea mwalimu.

#9 Msoma_Nyuzi

Mama ameshasoma. Amejibu "Tutaona." Sijui kama ni habari njema.

#10 Kaunta_Yangu

Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Nina mkahawa mdogo, na wazee wenu ndio wateja wangu wa kwanza kila siku. Acheni niwaambie kinavyoonekana huku.

Mwaka wa kwanza nilitaka kuwafukuza, nisiseme uongo. Watu wanane, vikombe tisa, kwa muda wa saa tatu na nusu. Wameunganisha meza mbili bila kuuliza. Wamepunguza redio. Mmoja anakuja na gazeti lake, analiacha, siku inayofuata anauliza nani kalichukua. Nikasema hawa wananikalia viti.

Halafu wakaondoka wiki nzima, walikuwa na msiba. Ile wiki ndiyo niliwajua. Saa moja mkahawa mtupu. Mtu anapita, anachungulia, hakuna mtu, anaendelea na safari. Kumbe wale wazee ndio kibao changu cha nje! Mkahawa wenye watu unaita watu. Na wao wanaondoka saa nne, kabla wale wa mchana hawajaanza kuhitaji viti. Wananijazia saa ambazo zingekuwa bure. Tena bomba likivuja wao ndio wanaoniambia, na njia tatu za kulitengeneza, zote zinapingana.

Ila nina maombi. Meza mlizounganisha zirudisheni. Mkiona watu wamesimama wanatafuta pa kukaa, na kikombe chenu kiliisha saa moja iliyopita, jiongezeni. Na tafadhali wasichana wangu wa huduma msiwaite "mchumba". Mmoja aliniomba kuhamishwa zamu kwa sababu ya mzee mmoja. Nilimwambia yule mzee mwenyewe, mbele ya wenzake. Alinuna siku mbili akarudi, sasa anawaita mabinti kwa majina.

Mwalimu wa historia atanisaidia: si kweli kwamba bima ya Lloyd's ya London ilianzia kwenye mkahawa? Wazee wangu hawajaanzisha kitu mpaka sasa zaidi ya deni.

#11 Mama_Chaki

Ni kweli kabisa. Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kahawa London miaka ya 1680, manahodha na wenye meli wakikaa kupeana habari za bahari. Kutokana na mazungumzo yale likakua soko la bima. Na kabla yake, Desemba 1675, mfalme Charles wa Pili alitangaza kufunga nyumba za kahawa, kwa kuona watu wanakaa humo kumsema. Kelele zikawa nyingi, akaghairi kabla hata siku ya kufunga haijafika. Kwa hiyo dada yangu wa kaunta, usijilaumu. Hata mfalme walimshinda.

#12 Randa_na_Msumeno

Mimi kahawa naipenda ila kukaa tu mikono mitupu siwezi, nilikuwa seremala. Australia walianzisha mabanda ya wanaume miaka ya 1990, wazee wanakutana kutengeneza vitu na maongezi yanakuja yenyewe. Naamini hilo. Wanaume wengi ukiwakalisha wanatazamana uso kwa uso wanaongea mpira. Wape kitu cha kushika, mmoja akiwa anapiga msasa na mwenzake ameshika mguu wa kiti, utasikia mambo ya moyoni bila kuuliza. Kijiwe chetu tunakunywa kwanza, halafu tunatengeneza viti vya mkahawa wenyewe. Viti vyote vya pale nimevigusa isipokuwa kimoja, hicho mwenyewe hataki.

#13 Kitinda_Mimba

Shikamooni nyote. Mimi si mstaafu. Nasimulia ya baba, na yeye amenipa ruhusa.

Mama alifariki, baba akabaki peke yake. Mimi niko mbali, safari ya siku nzima. Nilijiwekea utaratibu wa kumpigia kila siku saa kumi na mbili jioni nikitoka kazini. Nilijiona mtoto mwema. Baba akawa anaenda kijiweni asubuhi, mimi sikupenda. Nilimwambia anapoteza muda na watu wasio na kazi. Akacheka akasema, "Na mimi nina kazi gani?"

Siku moja ya Alhamisi baba aliteleza bafuni saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Nyonga. Simu iko chumbani kitandani, yeye yuko sakafuni, maji yanatiririka. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Kijiweni saa moja wakaona kiti chake kitupu. Saa moja na nusu wakapiga simu, haipokelewi. Walibishana kidogo, mmoja akisema amelala, mwingine akisema yule hajawahi kulala mpaka saa hizi. Saa mbili wawili wakasimama wakaja. Yule mmoja aliyeamini amelala alikuja na kikombe cha baba mkononi, amekifunika na kisahani kisipoe. Ametembea nacho njia nzima. Walipogonga wakasikia maji, wakavunja mlango wa nyuma.

Nilipofika siku ya pili nilikikuta kile kikombe dirishani bafuni. Kahawa imo vilevile na kisahani juu yake. Kila mtu alikuwa amekisahau.

Mimi ningejua saa kumi na mbili jioni. Muda wa saa kumi na mbili nzima, sakafuni, kwenye maji.

Baba alitembea tena baada ya miezi kadhaa. Wakati hawezi kutoka wale wazee walihamisha kijiwe barazani kwake, na birika. Mimi bado napiga simu jioni, ila nina namba tatu za wazee wa asubuhi.

#14 Kobe_Mkongwe

Binti, mpe baba salamu. Sisi tumeweka iwe saa mbili. Saa mbili ikipita hujaonekana na hukuaga, mtu anatumwa. Kuaga ni lazima, hata kama unaenda kwa mwanao siku mbili. Kuna mtu alisafiri bila kusema, tukaenda watatu, tukamsumbua jirani, jirani akaita fundi wa makufuli. Aliporudi alilipia kufuli na hakununa.

#15 Muuguzi_wa_Zamu

Kitinda Mimba umeniliza asubuhi yote hii.

Nilitaka kumjibu Sina_Kijiwe kwa takwimu, naziweka hapa hapa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000. Wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi kubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nayo, katika muda waliofuatiliwa. Sasa, tuwe wakweli, mwenye afya ndiye pia mwenye miguu ya kwenda kijiweni, kwa hiyo namba kama hizi hazina budi kusomwa kwa tahadhari. Ila Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia watu tangu 1938, walianza na vijana 724, wanafunzi wa chuo na watoto wa mitaa ya maskini ya Boston, wakawafuata mpaka uzee. Robert Waldinger anayeusimamia utafiti huo anasema kinachohesabika ni ubora wa uhusiano, si idadi ya watu waliokuzunguka. Hapo Sina_Kijiwe una haki yako. Watu sita wasiokusikiliza si watu sita.

Na yale ya masikio aliyosema Kobe yapelekeni kliniki, msiishie kupanga viti. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kushughulikiwa, kupoteza usikivu ni mojawapo. Kujitenga na watu nako kumo.

#16 Sina_Kijiwe

Nimesoma ya Kitinda Mimba mara mbili. Mimi mwanangu anapiga Jumapili.

Swali la kweli, sitaki utani. Mtu aliyeondoka kijiweni kwa hasira anarudije? Nilimwambia yule mkurugenzi maneno mbele ya watu.

#17 Kobe_Mkongwe

Unakwenda, unalipia kikombe, unavuta kiti. Usieleze chochote. Ukianza kueleza watalazimika kukujibu.

#18 Sina_Kijiwe

Na yeye akiwa bado yupo?

#19 Kobe_Mkongwe

Atakuwepo. Kila kijiwe kina mkurugenzi wake. Kwetu ni mimi, nimekuja kuambiwa mwaka jana.

#20 Mama_Chaki

Kama huko hapakaliki, anzisha chako. Meza, mtu mmoja mwingine, siku mbili kwa wiki. Sisi tulianza wawili, tena hatukuwa tunapendana, tulifundisha shule moja miaka tisa bila kusalimiana vizuri. Wiki ya nne akanieleza kwa nini.

#21 Msoma_Nyuzi

Kwa nini??

#22 Mama_Chaki

Hilo ni la mezani, mwanangu.

#23 Daftari_la_Hesabu (mleta mada)

Wakuu nashukuru. Niwape marejesho.

Yule mzee wa kugombea kiti: sikio la kulia. Tumempa kiti cha mwisho upande huo, hakuna aliyetangaza. Jana alimkatiza mtu katikati ya sentensi ili ampinge, mara ya kwanza tangu nimjue. Tulifurahi sana tukamwacha ashinde.

Namba za simu tumeandikiana kwenye karatasi, nakala moja kila nyumba. Yangu imebandikwa ukutani chini ya ile saa.

Mke wangu amesoma uzi huu wote. Anasema niwaambie kwamba chumvi ilikuwa mbali na jiko kwa sababu ya mvuke, inashikana. Miaka 30 imekaa pale. Nimeirudisha mwenyewe.

Kuna mwenzangu wa ofisi ileile, dirisha la pili kutoka langu, anaagwa Ijumaa. Nilimpigia kumuuliza Jumatatu atakuwa wapi saa moja asubuhi, akasema hajui, atapumzika kwanza. Nimempa jina la mkahawa. Nimeambiwa wameshamnunulia saa.